Namba ya Simu Tumboni mwa Kibopeo

Mchoraji alianguka kutoka kwenye stuli Jumanne asubuhi, na aliyemwangusha ni mjusi. Wala hakuwa mjusi wa kutisha. Alikuwa yule wa kawaida wa ukutani, mwembamba kama kamba ya kiatu, aliyeteleza kwenye fimbo ya pazia na kumdondokea begani wakati akipachika pazia lililotoka kufuliwa. Jambo ambalo mumewe alilisimulia kazini mpaka wenzake wakamwomba apumzike ni kwamba asubuhi hiyohiyo mkewe alikuwa amekaa saa tatu nzima akichora mjusi mwenye vichwa vitatu, akikipaka kila kichwa rangi yake kwa upole kama mama anayemwogesha mtoto. Mjusi wa vichwa vitatu hakumfanya kitu. Wa kichwa kimoja akamvunja mkono.

Daktari alimfunga plasta ngumu kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, akamwambia wiki sita. Mchoraji akauliza kama haziwezi kuwa siku sita. Daktari akasema mfupa haujui kusoma kalenda, akamwita mgonjwa mwingine.

Mkono wenyewe ulikuwa wa kulia, na mkono huo ndio uliokuwa ofisi yake. Kazi yake ilikuwa kubuni wanyama na watu ambao hawajapata kuwepo, akiwachora kwenye kishikwambi, kioo cha ukubwa wa sinia ndogo, kwa kalamu isiyo na wino. Alifanyia kazi hiyo kwenye meza ya kulia chakula, upande wa dirishani, na wakati wa mlo alikisogeza kioo pembeni kama watu wengine wanavyosogeza chumvi. Mwezi ule kampuni moja ya kuchapa madaftari ya shule ilikuwa imemwagiza wanyama kumi na wawili wa kubuni, kila mmoja kwa jalada lake. Alikwisha kumaliza saba. Kulikuwa na Kobevuli, kobe mwenye mwavuli badala ya gamba; kulikuwa na twiga mfupi mwenye aibu, na wengineo, hadi huyo mjusi. Walibaki watano, na zilibaki siku kumi na moja.

Mhariri wa kampuni hiyo alikuwa mama mmoja mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, ambaye wachoraji wote walimwita Kidogo Tu. Hakuwa na kosa jingine ila kwamba kila aliponyanyua simu alisema, "Ni kidogo tu," kisha akaagiza mnyama afumuliwe kuanzia kwato hadi pembe. Kumweleza Kidogo Tu habari za plasta ilikuwa sawa na kumwambia atafute mchoraji mwingine. Mchoraji akaamua kunyamaza.

Alijaribu kwanza mkono wa kushoto. Alichora kutwa nzima, na jioni akawa amepata kitu kinachofanana na kiazi chenye homa. Mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji, akasema haiwezekani jambo hilo liwe gumu kiasi hicho. Akaishika kalamu kama anayeshika bisibisi, akatoa ulimi nje kidogo upande wa kulia, akachora mbwa. Alipomaliza alimtazama mbwa wake kwa muda, kisha akauliza kwa unyenyekevu mbona birika lina masikio.

Wakati wote huo, kwenye kiti cha pembeni nyuma ya gazeti, kulikuwa na mtu anayekohoa.

Huyo alikuwa baba mzazi wa mume huyo msoma mita. Mji mzima ulimwita Fundi Herufi. Kwa miaka arobaini alichora mabango ya maduka, vichwa vilivyonyolewa kwenye kuta za vinyozi, na ng'ombe wenye tabasamu kwenye milango ya bucha, ingawa hakuna aliyewahi kuelewa ng'ombe hao wanatabasamu kwa lipi. Herufi zake zilinyooka hata watu wakawa wanasema asiyejua kusoma akitazama bango la Fundi atapata walau vokali. Miaka minne iliyopita goti lake lilikataa kupanda ngazi, akaja kuishi kwa mwanawe.

Heshima kati yake na mkwewe ilikuwa kubwa kupita kiasi. Walipishana mlangoni kila mmoja akimtanguliza mwenzake mpaka chai ikapoa. Tangu waanze kukaa pamoja hawakupata kupingana hata mara moja, maana mwenye neno alilipeleka kwa msoma mita, naye akalifikisha upande wa pili likiwa limepunguzwa pilipili. Mzee akisema taa ya sebuleni inawashwa utadhani jua halijaumbwa, mwanawe alifikisha kwamba baba anaulizia taa. Na kuhusu kazi ya mkwewe, mzee alikwisha sema siku nyingi kwamba rangi isiyonuka ni kama picha ya supu, utaitazama lakini hutashiba. Hilo msoma mita alilifikisha hivi: baba anasema picha zako ni safi.

Jioni ya siku ya birika, mzee alimwita mwanawe uani. Msoma mita akarudi jikoni anakuna kisogo.

"Baba anasema, kama hutaona vibaya, anaweza kukushikia kalamu. Wewe useme, yeye achore."

Mchoraji akaacha kumenya vitunguu, kazi ambayo kwa mkono mmoja hata hivyo haikuwa imefika popote. Akasema hawezi kumtuma baba mkwe wake kama kibarua. Atamwambiaje apandishe, ashushe, afute?

"Mficha uchi hazai," mumewe akamwambia.

"Methali zote zilizopo duniani, ukaona hiyo ndiyo ya kumwambia mkeo kuhusu baba yako?"

Lakini asubuhi yake alimwandalia mzee kiti chenye mto.

Fundi Herufi alikuja mezani amevaa koti lake la kazi, lile lenye madoa ya rangi za miaka arobaini, na mfukoni amepachika kitambaa. Mchoraji alitaka kumwambia kwamba hapa hachafuki mtu, akaona aibu, akaliacha. Akamwonyesha kwamba picha inajengwa kwa matabaka, moja juu ya jingine, mistari huku na rangi kule. Hilo mzee alilielewa kabla sentensi haijaisha. Akasema hata ukuta una chokaa, una rangi ya kwanza, una ya pili, na fundi anayeruka tabaka utamjua mvua inaponyesha. Akamwonyesha ndoo, alama ndogo ambayo ukiigusa na kuigusa picha, rangi inamwagika na kujaza nafasi yote kwa mara moja bila kuvuka mstari. Mzee akaijaribu mara moja. Akaijaribu tena. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna ukuta wa ghala aliupaka siku tisa.

Kitufe cha kutengua ndicho alichokikataa. Mchoraji alimweleza kwamba akikosea abonyeze hapo, kosa litafutika kana kwamba halikutokea. Mzee akasema kosa la fundi haliondoki, hugeuzwa. Ukidondosha tone, lifanye ua. Alizungumza kwa adabu sana, akiwa anamtazama Kobevuli badala ya mkwewe, na mkwewe akaitikia kwa adabu hiyohiyo, akitazama dirisha. Kwa hiyo siku ya kwanza ikapita wakitengeneza maua.

Kuna mambo mengine ya siku hiyo. Kila alipomaliza sehemu, mzee aliinama na kukipuliza kioo ili rangi ikauke. Alipogundua kwamba picha inaweza kukuzwa kwa vidole viwili, aliikuza mpaka jicho la mnyama likajaa kioo kizima, akashinda tangu saa tatu hadi adhuhuri kwenye kope moja. Ilikuwa kope nzuri. Picha iliporudishwa kwenye ukubwa wake, kope yenyewe haikuonekana. Na jioni, kazi ilipofungwa, mchoraji aliitafuta kalamu kila mahali, akaikuta nyuma ya nyumba imesimamishwa kichwa chini ndani ya kopo la mafuta ya taa, kwa sababu fundi mstaarabu halali na brashi chafu. Kalamu haikufa, lakini iliteleza mkononi siku tatu na nyumba nzima ikanuka. Mzee akasema sasa angalau inanuka kazi.

Mnyama wa nane katika orodha aliitwa Ng'ombasi, ng'ombe mwenye madirisha ubavuni na viti ndani, anayebeba abiria. Hapo Fundi Herufi alikuwa nyumbani kwake. Alimtoa ng'ombe kwa mikato minane ya kalamu, mgongo, nundu, mkia, bila kusita, na mchoraji, ambaye alikuwa amejiandaa kusema kidogo kidogo na kwa staha, akakuta hana la kusema. Lakini mzee alipofika kwenye madirisha akaiweka kalamu mezani.

"Mwanangu, abiria wakikaa hapa tumboni, maziwa yanakaa wapi?"

Mchoraji akasema huyu ni mnyama wa kubuni tu, baba.

"Nimeelewa. Lakini yeye hajui kwamba ni wa kubuni. Anakula nini? Anashusha watu wapi? Wakimpanda wengi kuliko viti, anafanyaje?"

Mchoraji alifungua mdomo ajibu, akagundua kwamba katika miaka minane ya kubuni wanyama hajawahi kumuuliza hata mmoja kama amekula. Alikuwa akianza na rangi, kisha macho makubwa, kisha kitu cha kuchekesha kichwani. Wakakaa wakafikiri. Wakaafikiana kwamba maziwa yapo nyuma kwenye viti vya mwisho, ndiyo maana abiria wote wanakimbilia viti vya mwisho, na ndiyo maana Ng'ombasi anatembea ameinua pua juu kidogo kwa sababu ya uzito wa nyuma. Pua hiyo iliyoinuliwa ikampa ng'ombe sura ya mtu aliyechelewa na hataki kukiri. Mchoraji alicheka kwanza, kisha akamtazama tena. Alikuwa mnyama bora kuliko wote saba wa mwanzo.

Siku zilizofuata walimtoa Mbwafeni, ambaye mkia wake ni feni na kwa hiyo kila akifurahi anapata mafua. Walimtoa Sungutaa, sungura wa masikio yanayowaka, ambaye mzee alisisitiza awe amefumba macho, maana nani analala na taa mbili kichwani. Walimtoa Samakengele. Mzee aliacha kupuliza kioo. Mchoraji alianza kusema "hapana, baba," mwanzoni kwa kunong'ona, kisha kwa sauti ya kawaida, kisha akiwa anakula.

Akabaki mmoja, Kibopeo, kiboko mwenye mabawa ya kipepeo. Na kwa Kibopeo ndipo mambo yalipochafuka.

Mchoraji alitaka mwili wake uwe zambarau iliyokolea, rangi ya bilinganya. Mzee alisema zambarau haionekani kwa mbali. Sheria yake ya kazi ilikuwa moja tu: mtu aliye upande wa pili wa barabara aone. Mchoraji akasema hakuna mtu anayesoma daftari akiwa upande wa pili wa barabara. Wakaliacha hapo kwa sababu mchoraji alitakiwa hospitali kuangaliwa plasta. Aliporudi mchana, Kibopeo mzima, kuanzia mkia hadi matundu ya pua, alikuwa rangi ya chungwa.

Alisimama nyuma ya kiti bila kuvua hata viatu.

"Baba, umeharibu."

Mzee aligeuka polepole.

"Umesema nimeharibu?"

"Ndiyo. Umemharibu. Huyu si kiboko, ni kibuyu."

"Mimi nimeharibu? Mimi nimepaka rangi mji huu wewe ukiwa bado unachora kwenye matope."

"Mji huu hauruki, baba. Huyu anaruka. Akiwa na rangi hiyo na mabawa ya njano utajuaje bawa limeanzia wapi?"

Msoma mita alifika wakati huo, begi begani, akayasikia maneno hayo kutoka getini. Alidhani kuna aliyefiwa. Alipoingia na kuwakuta baba yake na mkewe wamesimama uso kwa uso, kila mmoja ananyooshea kioo kidole, alisahau hata kulitua begi. Akakimbilia katikati, akaanza kazi yake aliyoizoea. Akamwambia mkewe kwamba baba anachomaanisha ni kuwa rangi zote ni nzuri. Akamgeukia baba yake akamwambia mkweo anashukuru sana.

"Sikusema hivyo," mzee akasema.

"Na mimi sishukuru," mkewe akasema. "Hebu tupishe."

Msoma mita alitoka akakaa uani na begi lake, kama mtu aliyeachishwa kazi bila notisi.

Ndani, mchoraji alinyoosha mkono wake wa kushoto akabonyeza kitufe cha kutengua. Akabonyeza tena, na tena. Rangi ya chungwa ikaanza kuondoka vipande vipande, mgongo, shingo, mashavu, mpaka kiboko akabaki mweupe. Asubuhi nzima ya mzee ilitoweka kwa kidole kimoja. Fundi Herufi alikaa chini, akakunja kitambaa chake cha mfukoni mara nne, na uso wake ukawa wa mtu aliyepita mtaa wa zamani akakuta ukuta wake umebomolewa. Mchoraji alimwona. Hasira yote ikamwisha. Akabonyeza kitufe cha kurudisha, pembeni ya kile cha kutengua, na chungwa likarudi lote, hadi puani.

"Kwa hiyo rangi haijafa?" mzee akauliza.

"Haifi, baba. Ipo tu."

Mzee akasogea. Akanyoosha kidole, akatengua. Akarudisha. Akatengua, akarudisha, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa, na kiboko akawa anawaka na kuzimika. Walifanya hivyo kwa zamu muda mrefu. Wakampaka zambarau ili mzee aione, wakamrudisha chungwa. Mwishoni ni yeye mwenyewe aliyesema, kwa shingo upande, kwamba mwili wa zambarau unamtuliza mnyama. Mchoraji naye akakubali mabawa yawe ya chungwa upande wa ndani, ili akiyafungua ndipo mtu wa ng'ambo ya barabara ashtuke. Kisha akaenda kupika, akamwachia mzee amalizie mikunjo ya tumbo, kwa kuwa mikunjo ilikuwa inataka subira na yeye subira yake ya siku hiyo alikwisha kuitumia.

Picha zilitumwa siku ya kumi. Kidogo Tu akapiga simu, akasema ni kidogo tu, kisha, jambo ambalo halijawahi kutokea, akakosa la kuendelea. Akasema wale watano wa mwisho wana kitu. Wanaonekana wameshiba. Akampenda Kibopeo zaidi, akaamua awe jalada la daftari kubwa, mbele awe mzima, na nyuma wakuze tumbo peke yake lijaze ukurasa, maana ile zambarau ya mikunjo ilimpendeza macho.

Madaftari yalipoingia madukani, simu ya Fundi Herufi iliita asubuhi wakati wa chai. Ilikuwa namba asiyoijua. Akaiweka kwenye spika, kwa kuwa sikio lake moja halikuwa la kutegemewa.

"Shikamoo," ikasema sauti ya mtoto wa kike. "Wewe ndiye kiboko?"

"Marahaba. Hapana, mimi ndiye niliyemchora."

"Sasa yeye yuko wapi?"

Mzee alimtazama mkwewe. Mkwewe alikuwa ameshikilia kikombe hewani.

"Ametoka kidogo," mzee akasema.

Kufikia adhuhuri watoto kumi na saba walikuwa wamepiga simu. Mchoraji alimtuma mumewe mbio dukani, akarudi na daftari. Mbele, Kibopeo. Nyuma, tumbo lililokuzwa, na katikati ya tumbo, kwenye mkunjo wa tatu, kwa herufi zilizonyooka kama uzi wa mwashi: FUNDI HERUFI, na namba ya simu yenye tarakimu nene kama kidole gumba.

Mzee hakukana. Alishangaa kwamba wao wanashangaa. Kazi isiyo na jina ni mtoto asiye na baba, alisema, na jina bila namba mteja atalifanyia nini? Aliandika kwa udogo sana, akiwa ameikuza picha, herufi zisizozidi mguu wa sisimizi. Angejuaje kwamba huko wataukuza mkunjo? Mchoraji alikaa chini, akaweka plasta yake juu ya meza, na kichwa chake juu ya plasta.

Kidogo Tu alikuja mwenyewe siku ya tatu. Alikuja na daftari limefungwa kwenye gazeti kama ushahidi wa mahakamani, miwani yote miwili ikiwa usoni. Alianza kuzungumza akiwa bado mlangoni. Alisema katika kazi yake yote hajawahi kuona jambo kama hili, wazazi wanapiga simu kampuni wakiuliza kama Kibopeo anapatikana Jumamosi, na walimu wanalalamika kwamba watoto wanaficha simu za mama zao. Alikuwa amefika kwenye neno "wakili" simu ilipoita.

Mzee akainua kidole. "Samahani, mama. Kuna mteja."

Alikuwa mtoto wa kiume, na swali lake lilikuwa kama Kibopeo anaogelea. Fundi Herufi alifikiri. Hakuwa akijibu ovyo, maana juzi yake mtoto mmoja alimkamata akisema Kibopeo anakula mapapai ilhali binamu yake aliambiwa ndizi, na tangu hapo alikuwa anaandika majibu yote. Akasema kwamba anaogelea, na vizuri, lakini lazima kwanza avue mabawa na kuyaanika kwenye kamba, kwa vibanio viwiliviwili. Kwa hiyo siku za mawingu haogelei, anakaa ufukoni na kusema maji ni baridi.

Mtoto akashukuru. Mzee akakata simu, akaandika. Kidogo Tu alikuwa bado amesimama na daftari lake.

"Yanakauka kwa muda gani?" akauliza.

"Samahani?"

"Mabawa. Ukiyaanika."

"Inategemea upepo," mzee akasema, akamvutia kiti.

Alipokwisha kunywa chai, Kidogo Tu alikiri jambo. Namba ile aliiona kabla ya kuchapwa. Alidhani ni ya watu wa mauzo, ambao siku zote wanataka kuweka namba yao kila mahali, na watu wa mauzo walidhani ni yake. Kwa hiyo neno "wakili" halikurudi tena. Waliafikiana kwamba chapa ijayo tumbo litakuwa safi, na kwamba majina ya mchoraji na Fundi Herufi yatawekwa ndani ya jalada, pahali pa heshima, bila tarakimu. Mchoraji ndipo alipofunua plasta yake chini ya mtandio na kueleza habari za mjusi. Kidogo Tu aliisikiliza yote, kisha akasema angeambiwa mapema angempa wiki moja zaidi, na mchoraji alimwamini, ingawa si sana.

Chapa mpya ilitoka, lakini madaftari ya zamani yalikuwa yamekwisha kuingia kwenye mabegi, na simu hazikukoma. Mzee aliweka saa za kazi, kuanzia watoto wanapotoka shule mpaka magharibi. Wazazi nao waligundua namba. Mama mmoja alipiga akiwa amekata tamaa, akaomba Kibopeo amwambie mwanawe aoge. Fundi Herufi alisema hawezi kumsemea Kibopeo, lakini anachojua ni kwamba asipooga mabawa yanakuwa mazito, na siku moja alishindwa kupaa akaenda shule kwa miguu, na akachelewa. Mama akapiga kesho yake kushukuru.

Plasta ilipokatwa, mkono wa mchoraji ulitoka mwembamba na mweupe kama kitu kilichokuwa ndani ya sanduku. Wiki ya kwanza aliweza kuchora nusu saa tu, kisha vidole vinatetemeka, na mzee anapokea kalamu bila kuombwa. Walikuwa hivyo mezani, siku moja alasiri, simu ikaita. Alikuwa yule mtoto wa kwanza kabisa, aliyeuliza kama ndiye kiboko. Sasa alikuwa na swali jingine.

"Mama yake yuko wapi?"

Mzee akapekua daftari lake la majibu. Kulikuwa na chakula, kuogelea, mafua, anavyolala, anavyohesabu. Mama hakuwemo. Akamwambia mtoto ampe siku mbili, amtafute.

Zilikuwa siku mbili za mabishano. Mzee alisema mama ni mkubwa, kwa hiyo mabawa yake ni makubwa, yajaze kioo kizima, ayafungue hadi pembeni. Mchoraji alisema mama huyo amemlea mtoto mwenye uzito wa lori ambaye anajifunza kuruka ndani ya nyumba. Mabawa hayafungui. Amechoka. Mzee akasema mama hachoki. Mchoraji akamtazama, akamtazama tu mpaka mzee akasema basi sawa. Wakamchora amelala kiubavu, mabawa ameyavuta mpaka kidevuni kama shuka, na mguu mmoja umetoka nje. Mikato ya mgongo ilikuwa ya mzee. Uso aliuchora mchoraji mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia, katika zile nusu saa zake, na ulimchukua mara tatu. Hakuna aliyekuwa amewaagiza, na hawakumtumia Kidogo Tu.

Siku ya pili, saa za kazi zilipoanza, Fundi Herufi alipiga simu.

"Tumempata," akamwambia mtoto. "Yupo nyumbani muda wote huu. Amelala."

Upande wa pili sauti ikashuka.

"Basi msimwamshe," mtoto akasema, akakata simu.